Nyumba ya mgeni tumeitunza, ya mpagazi iko wapi?

Tusidanganyane. Tabora ina ugonjwa wa kusahau, na ugonjwa wenyewe una ubaguzi: unamkumbuka aliyebebewa mzigo, unamsahau aliyeubeba. Panda bodaboda hapa Gongoni, shika njia ya Kwihara, hata nusu saa haiishi umefika kwenye tembe alimoishi David Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872. Henry Morton Stanley alikaa naye hapo wiki chache, kisha akarudi pwani kwenda kujitangaza duniani. Kwa miezi sita na siku zake, mgeni yule amepewa nyumba, makumbusho na ukurasa katika kila kitabu cha watalii. Sina kinyongo naye. Mgeni ni mgeni, na nyumba yake itunzwe. Lakini nionyesheni, ndani ya manispaa hii yote, jiwe moja lililochongwa jina la mpagazi mmoja, nami nitafunga mdomo.

Nchi nyingine zilijengwa na wachimba makaa ya mawe. Unyamwezi ilijengwa mabegani mwa wapagazi, halafu ikajengwa na watu wa reli. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kupanda na nguo, shanga na waya wa shaba. Hawakuwa watu waliookotwa njiani. Ilikuwa kazi ya kujifunza, yenye vyeo vyake, malipo yake na miiko yake. Kirangozi alitangulia na bendera, wanyampara wakashika watu wao, ngoma ikapigwa, msafara ukaondoka kabla jua halijawa kali. Wajerumani walipoanza kutawala, makadirio yao yalifika watu 100,000 kwa mwaka waliokuwa wakipita katika njia hii ya kati. Hebu jiulize, mwajiri gani Tabora ya leo anafikia nusu ya hapo?

Utazame mzigo wenyewe. Nguo ya merikani ilikunjwa, ikapigwa mpaka ikawa ngumu kama gogo, ikafungwa kamba kwa nguvu, ikavishwa mkeka. Kisha mtumba ule ulifungiwa fito zilizochongwa vizuri na kuachwa zichomoze upande wa chini. Kwa nini? Mtu akichoka njiani, ausimamishe mzigo wake kwenye mti bila nguo kugusa tope, na akitaka kuondoka, auingize begani bila kuinama hadi chini. Uzito ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, na juu yake chungu chake, mkeka wake wa kulalia na chakula chake. Mtu wa pwani alijitwisha kichwani, Mnyamwezi alibeba begani, na bega lile liliota sugu ambayo mwenzake akiiona alijua huyu kazi ameifanya. Aliyebuni fito zile ni fundi. Angekuwa wa nchi nyingine, angekuwa na sanamu.

Usiniambie pia kwamba walikuwa watu wa kupokea amri tu. Msafara ukikosa posho, wapagazi waliketi kambini na mizigo ikaketi nao. Mkuu wa msafara akizidi kiboko, aliamka asubuhi akakuta mitumba imelala peke yake na watu wameyeyuka porini. Katika miaka ya 1870 mpagazi aliyeandikwa Zanzibar alilipwa riale tano hivi kwa mwezi, na hakukubali kushushwa kirahisi. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2006, kuonyesha kwamba wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi wa mshahara wenye utamaduni wao wa kazi. Kitabu hicho kimechapishwa mbali. Mjukuu wa mpagazi hapa Gongoni hajakisikia, na shuleni anafundishwa mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone Ujiji.

Najua nitajibiwa: njia hiyo ilikuwa ya utumwa, unatukuza nini? Sitafunika kombe. Watumwa walipita hapa wamefungwa shingoni, Tabora ilikuwa na mabwana wenye watumwa, Waarabu na Waafrika, na kati ya waliobeba mizigo wapo waliobeba kwa kulazimishwa. Hilo lisemwe kwa sauti. Lakini mwaka 2006 Tanzania ilipoiingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, iliipa jina la Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Mtumwa yumo na pembe imo. Yule aliyekuja kwa miguu yake, akapatana ujira, akabeba, akadai chake na kurudi kwao kulima kabla mvua hazijashika, hayumo kabisa. Tumemkumbuka ndovu kabla ya mfanyakazi.

Na walikuwa na jamii yao, jamii ambayo sisi bado tunaitumia bila kuwashukuru. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, na makabila mengine ya njia hii, ulikomaa katika safari zile. Unaucheka harusini, lakini mzizi wake ni mzito. Mpagazi akifia ugenini, miezi miwili kutoka kwa mama yake, alihitaji mtu wa kumfukia. Mtani alichimba kaburi, akaosha maiti, akasimamia mambo. Leo kwenye misiba yetu mtani bado anakuja kuzuia jeneza na kudai chake, nasi tunatoa fedha huku tunacheka. Ule ulikuwa mfuko wa bima wa wafanyakazi wasiokuwa na chama wala ofisi.

Livingstone mwenyewe alipofariki, Mei 1873, kule Chitambo ambako sasa ni Zambia, walioamua la kufanya ni wafanyakazi wake. Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba, na Oktoba ya mwaka huo wakaingia Unyanyembe, huku kwetu. Hapa walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, akawashauri wamzike papa hapa waishie hapo. Wakakataa. Wakaufunga mwili kama mtumba wa nguo ili wapite kwa watu wasiotaka maiti nchini mwao, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Chama cha Jiografia cha Uingereza kikachonga medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wale. Hata Waingereza wa zama za Malkia Victoria, na dharau zao zote, waliona haya wakatoa medali. Sisi wenye ardhi waliyopita hatujatoa hata kibao cha bati.

Ikaja vita ya 1914. Mpagazi akakamatwa akabebeshwa risasi na unga, mara hii bila kupatana bei. Jeshi la Wabelgiji lilipoingia Tabora, Septemba 1916, liliingia na wapagazi wake, na Wajerumani walipokimbia walikimbia na wa kwao. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake ulipoteza wapagazi wanaokaribia 100,000, wengi kwa njaa na kuhara. Dar es Salaam ikapata sanamu ya askari mwaka 1927, bunduki mkononi. Mwenye unga wa kumlisha askari yule hakuwekwa juu ya jiwe lile. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Karne nzima imepita. Nauliza: sisi tutaomba radhi lini? Au radhi huombwa na Mzungu tu?

Sasa tuje kwa wanaotuhusu kwa karibu, kwa sababu baadhi yao bado wanaweza kusema.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya Mwanza ikakamilika 1928. Kwa miaka michache tu kazi ya wapagazi katika njia hii ilikwisha, na mji wetu ukawa mji wa njiapanda ya reli. Kizazi cha mababu kilibeba, cha baba kikawa cha karakana, cha mabehewa na cha magenge ya njiani. Kata yetu moja hadi leo inaitwa Tambukareli, lakini muulize kijana wa pale nani aliyeitunza hiyo reli anayoitambuka, atakuangalia tu.

Mimi nitamweleza. Mtu wa genge aliamka gizani. Alipewa kipande chake cha njia, na kila siku ya Mungu alikitembea kwa miguu, mbele na nyuma, nyundo begani na spana mkononi. Aligonga vyuma vinavyounganisha reli na kusikiliza. Chuma kilichokaza kina mlio wake, kilicholegea kina mlio mwingine, na sikio la mzee wa genge lilijua tofauti kabla jicho halijaona kitu. Alitazama mataruma yaliyooza, kokoto zilizokimbia baada ya mvua, kalavati lililoziba. Akiona hatari alikimbia na bendera nyekundu kuikabili treni. Abiria waliolala behewa la pili hawakujua kwamba wamelala salama kwa sababu ya sikio la mtu aliye porini, umbali wa kutwa nzima kutoka dukani. Treni ikifika salama, magazeti hayaandiki.

Watu wale walijua pia kudai. Mgomo mkuu wa 1947 ulianzia bandarini Dar es Salaam, lakini waliotembeza habari nchi nzima ni watu wa reli, stesheni hadi stesheni, na Tabora ikauitikia. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chini ya chama chao kilichoongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Siku 82 bila mshahara! Nani aliwalisha watoto wao? Mama gani aliuza maandazi, mwenye duka gani alikopesha, mwenye nyumba gani alisamehe kodi? Hayo ndiyo maswali ya historia ya Uhuru, na majibu yake hayako kwenye hotuba. Tunakumbuka, na ni haki yetu kukumbuka, kwamba TANU ilifanya Uamuzi wa Busara hapa Tabora mwaka 1958. Uamuzi una nyumba yake katika kumbukumbu za taifa. Njaa ya siku 82 haina.

Baada ya hapo kilichowapata watu wa reli ni mfululizo wa kuhamishwa mikono kama kuku wa mnada. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na waliokuwa watumishi wake wakabaki wakidai mafao hadi mvi zikawaishia kichwani. Wengine walikufa wakidai. Mwaka 2007 shirika la reli likakodishwa kwa kampuni ya India, mwaka 2011 likarudi serikalini, mwaka 2017 likaundwa upya. Kila anayekuja anakuja na nembo mpya, rangi mpya na barua mpya. Na kila nembo inapobadilika, makabati ya zamani hufunguliwa, mafaili yakatupwa, na mtu aliyefanya kazi miaka thelathini anabaki na ushahidi mmoja tu wa maisha yake: mdomo wake. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia kwamba kumbukumbu za wazee ni porojo za barazani. Mwenye kumbukumbu iliyoandikwa ana pa kuanzia kudai. Asiye nayo anaambiwa, mzee, leta vielelezo.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni la kale. Nzega, mkoani kwetu, ilikuwa na Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, uliozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kusimama baada ya miaka kumi na tano hivi. Kule Songwe wapo waliochimba makaa ya mawe Kiwira, mgodi uliojengwa kwa msaada wa Wachina, ukabinafsishwa mwaka 2005, kisha ukarejeshwa mikononi mwa umma. Ngaka, mkoani Ruvuma, makaa yanachimbwa tangu 2011, na vita ya Ukraine ilipopandisha bei, malori yalipanga foleni kuelekea bandari ya Mtwara. Tani tunaambiwa na mrabaha tunasomewa bungeni. Nani anaandika habari za yule aliyeshuka chini kwa taa ya kichwani, jinsi alivyopumua, aliyeangukiwa na mwamba, na mke aliyesubiri getini? Akistaafu tutamfanyia tulivyomfanyia mpagazi.

Wachimba makaa wa Wales hawakusubiri kufanyiwa hivyo. Mgodi wa Big Pit, pale Blaenavon, ulifungwa mwaka 1980. Mwaka 1983 ukafunguliwa kuwa makumbusho, na walioajiriwa kuwashusha wageni chini ya ardhi ni wachimbaji wenyewe, wakieleza kazi yao kwa midomo yao. Kabla ya hapo, mwaka 1973, mjini Swansea ilianzishwa maktaba ya wachimbaji, yenye vitabu walivyovinunua kwa michango yao na sauti za wazee zilizorekodiwa. Ilipokuja kasheshe ya kufunga migodi na mgomo wa mwaka mzima wa 1984 na 1985, watu wale walikuwa wanajua wao ni nani na babu zao walipigania nini. Migodi ilifungwa hata hivyo. Heshima haikufungwa. Leo wanasimulia wao, hawasimuliwi.

Nasi tunasubiri nini? Sasa hivi reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora. Kipande cha kutoka Makutupora peke yake ni kilomita 368, ukijumlisha njia za kupishania, na vingine vinatoka hapa kwenda Isaka na Kigoma. Ni jambo jema, nami nitaipanda. Lakini najua sherehe itakavyokuwa: tenti, zulia jekundu, kwaya, viongozi mstari wa mbele, utepe ukikatwa kwa mkasi wa dhahabu. Mstaafu wa genge atakuwa nyuma ya kamba, akitafuta upenyo wa kuona. Asante ya punda mateke.

Visingizio nimevisikia vyote. Eti bajeti hakuna. Kurekodi sauti ya mzee kunahitaji simu, na simu anayo kila kijana anayejipiga picha stendi. Eti ni kazi ya wizara. Wizara haijui nani amekaa baraza lipi Gongoni. Mwenyekiti wa mtaa anajua. Eti vijana hawapendi historia. Vijana hawapendi historia isiyowataja. Mwambie kijana kwamba babu yake alisimamisha treni kwa bendera ya kitambaa akaokoa watu, uone kama hatakuuliza ilikuwaje.

Basi nayasema wazi, wenye masikio wasikie. Waheshimiwa madiwani, pitisheni azimio moja dogo: pale Kwihara lisimame jiwe la wapagazi, nje ya mlango wa mgeni waliyembebea, na mwongozaji alazimike kuanza nalo kabla hajaingiza mtalii ndani. Shirika la Reli, mna stesheni iliyojengwa na Wajerumani. Tengeni chumba kimoja humo kwa vifaa na picha za waliofanya kazi, kabla vyuma vya zamani havijauzwa kwa kilo. Chuo cha Reli kipo hapa hapa Tabora: waiteni wastaafu wakae mbele ya darasa, wawafundishe wanafunzi jinsi ya kusikiliza chuma. Chuo Kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, wapeni wanafunzi wenu wa historia mzee mmoja mmoja kila muhula, na maandishi yao yawekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma bila kibali.

Na wewe msomaji, usijifiche nyuma ya madiwani. Kama kwenu kuna mzee aliyefanya kazi reli, mgodini, mkongeni au kwenye malori, mfuate wiki hii. Muulize aliajiriwa mwaka gani, alilipwa kiasi gani, alifanya kazi na akina nani, nani alikufa kazini na alizikwa wapi, walipogoma walikula nini. Andika majina yote anayokutajia. Anza na majina ya waliokufa, maana hao hawana mwingine wa kuwasemea.